Mgunga wa Buibui Nyuma ya Jiko Lako

Mamdogo,

Mgunga wako wameuchoma. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda habari mbaya itanguliwe na salamu. Mtu akikupigia simu akaanza na habari za huko, za watoto, za mvua, ulikuwa unamkata hapohapo: "Nani amekufa? Sema." Haya, nasema. Mti umechomwa, buibui wote wa upande wa jikoni wamekwisha, na aliyewasha kiberiti ni Hassani wetu. Na kuna jingine, kubwa kuliko mti. Ile ahadi niliyokupa kule Mbeya nimeivunja. Sikuivunja yote. Ndiyo maana nakuandikia, kwani kaburini nimekuja mara nyingi na kila nikifika ulimi unakuwa mzito, naishia kung'oa majani na kurudi nyumbani.

Sasa hivi maharage yapo jikoni yanatokota. Nimekaa kwenye kigoda chako chenye mguu mmoja mfupi. Idodi ipo palepale. Magari ya wageni wanaokwenda hifadhini yanapita na vumbi lao, hayasimami, malori yanasimama. Mgahawa naendesha mimi. Wateja wako wa zamani wakionja mchuzi wanasema, "Rukia, wa mama yako ulikuwa na kitu." Kitu gani, hawasemi. Mimi nawajibu wamfuate huko aliko, akawapikie. Hawacheki. Nimekuwa na mdomo mbaya tangu uondoke, najua. Wako ulikuwa mbaya vilevile, lakini watu waliulipia.

Nirudi nyuma kidogo, maana hapa kijijini habari ya wale buibui sasa inasimuliwa kichwa chini miguu juu, na mtu pekee anayejua ilivyokuwa, ukiniondoa mimi, ni wewe.

Mama yetu, dada yako, alipofariki, ulitubeba mimi na mdogo wangu Hassani kutoka Mlandege, kule mjini, ukaja kufungua mgahawa hapa, mahali ambapo hatukuwa na ndugu hata wa kusingizia. Ulikuwa hujazaa. Mume alishakuacha kwa hilo, na Mlandege nzima ilikuwa inakuonea huruma ambayo hukuiomba. Idodi hawakujua lolote. Walituona watoto wawili nyuma yako wakakuita Mama Rukia, na wewe hukuwasahihisha. Nakumbuka ulivyoitika mara ya kwanza. Ulichelewa kidogo, ukaitika kwa sauti ya juu kupita kiasi.

Tatizo lilikuwa nzi. Ng'ombe wa wafugaji walipita mbele ya mlango asubuhi na jioni wakienda mtoni, wao wakaendelea na safari, nzi wakabaki kwetu. Wakawa kwenye chai, kwenye sahani, kwenye macho ya Hassani. Ndipo akaja yule jirani wa ng'ambo ya mfereji, Bibi Sekalinga, na salamu yake ndefu ya kamwene, akachungulia kikombe alichowekewa, akacheka mpaka meno yake yaliyobaki yakahesabika. Kesho yake akarudi na tawi la mgunga lenye miba, na katikati ya miba furushi la kijivu, utando mtupu uliochanganyika na majani makavu na mabawa ya wadudu. Akasema mama yake alikuwa anatundika hivyo jikoni. "Weka juu ya meza. Usifagie. Wao watafagia."

Mimi nilipiga kelele. Wewe ulisimama unaangalia lile furushi, ukasema, "Huyu alimsitiri Mtume pangoni. Mimi nani nimnyime kona ya jikoni?" Ukapanda juu ya benchi ukalitundika mwenyewe.

Ni wadogo wale, hawafiki ukucha wa kidole gumba, wa kijivu, wana manyoya. Nzi akigusa utando wanatoka wengi kwa pamoja, wanamshika miguu, wanamvuta ndani, kisha kimya. Hawagombani. Hakuna mkubwa wao. Nzi hawakuisha lakini wakapungua, chai ikanyweka. Na kwa sababu ulilitupa kwenye mgunga wa nyuma ya jiko kila furushi lililochakaa, mti ukajaa, matawi yakawa yameshonwa pamoja. Madereva walikuchokoza: "Mama, leo supu ya nini, ya buibui?" Unawajibu, "Kula kwanza. Ukifa tutajua." Nao wanaagiza na chapati.

Halafu akaja yule binti wa chuo, aliyekuwa anazunguka vijijini kuchungulia wadudu. Alikula ugali wako siku nzima akiutazama ule mti. Akatueleza kwamba hao wote ni majike, ndugu wa tumbo moja, na madume ni wachache tu wasiodumu. Vifaranga wakianguliwa, mama anawatapikia chakula, anawatapikia mpaka tumbo lake linaisha, kisha wanampanda mgongoni wanamnyonya yeye mwenyewe, anabaki ganda. Naye hakimbii. Anatulia. Nilisema astaghafiru. Binti akasema, na si mama tu, hata wale ambao hawakutaga. Wanalea pamoja na wenzao, na wakati ukifika wananyonywa pamoja nao.

Ukamuuliza, "Hata wasiozaa?"

"Hata wasiozaa, mama."

Ukaacha kukoroga. Mwiko mkononi. Kisha ukaanza kucheka, ukacheka mpaka ukajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Rukia, umesikia? Kumbe nina wenzangu humu!" Tangu siku hiyo ukawa unawasalimia asubuhi ukienda kuchukua kuni: wenzangu, mmeamkaje. Mimi sikucheka siku ile, na leo nakwambia kwa nini. Nilikasirika. Nilikuona unacheka kama mtu aliyeambiwa kitu alichokuwa anakijua.

Sasa Mbeya.

Hassani alipoangukiwa na shimo la dhahabu kule Makongolosi, wenzake walipomchimbua na kumfikisha Mbeya akiwa hajui nyonga yake iko wapi, wewe hukuuliza atakaa hospitali muda gani. Ulifunga kanga mbili, ukanikabidhi funguo za mgahawa, ukapanda basi. Ulikaa naye mpaka alipoweza kusimama kwa magongo. Mtu mzima yule, ana ndevu, ukawa unamwogesha, unamlisha, unamshikilia akilia kwa maumivu. Nilipokuja kukutembelea nilikufuata bafuni kukupa sabuni, na wewe ulidhani mlango umefungwa. Nililiona titi lako la kushoto. Ngozi yake ilikuwa imevutwa ndani, ina kidonda. Sikujua niangalie wapi. Ulijifunika taratibu ukaniambia niache kutumbua macho, daktari ameshaliona, amesema ulazwe ukatwe, nawe umemwambia asubiri mwanao atembee.

Nilikwambia, Mamdogo, hospitali ni hiihii. Wodi ni ya jengo la pili. Nilikushika mkono nikakuvuta, kweli nilikuvuta, ukang'ang'ania mlango. "Nikilazwa nani atamgeuza kitandani? Wewe? Na mgahawa?" Kisha ukaniapisha palepale, maji yakitiririka. "Hassani asijue. Si leo, si nikifa. Akijua nilikaa na hili kwa ajili yake, huyu mtoto hatembei tena. Atakaa chini mpaka afe." Nikaapa. Nilikuchukia kidogo, nikaapa.

Alipotembea, akarudi Makongolosi. Wewe ulipokwenda kukatwa, wakakwambia wakati umepita.

Wewe ulibaki na hayo kimya. Hapa Idodi ulisema ni vidonda vya tumbo. Hassani ulimwambia kwenye simu ni mafua, halafu ni uchovu, halafu ukafa. Alifika tumeshakufukia, kanzu yake ina udongo mwekundu wa njiani. Aliniuliza umekufa na nini, nikasema Mungu amekuchukua. Ni kweli, lakini mtu haridhiki na jibu hilo akiwa na mama mmoja tu.

Nilikuosha mimi na Bi Mwajuma, yule mwosha wetu wa Mlandege aliyekuwa ananiita mjini nimsaidie kuosha, uliyekuwa unamtania kwamba anasubiri zamu yako. Alikuja na gari la wafiwa. Alipofunua kifua chako alisimama, maji yakimwagika kwenye kata. Akaendelea kuosha mpaka tukamaliza kukukafini. Ndipo akanishika taya kwa mkono wake wenye harufu ya karafuu maiti: "Ulichokiona kwenye ubao kinabaki kwenye ubao." Nikamwambia nafahamu. Nami nilifahamu, umenilea hivyo. Mwosha akitoa nje aibu ya maiti, nani atakubali kuoshwa naye? Basi nikawa na kufuli mbili mdomoni, yako na yake.

Na nafasi tuliyoiacha wazi, watu wakaijaza.

Hassani alikwenda kwa mganga. Makongolosi hakuna anayeshuka shimoni bila mganga, unajua, na waganga wa huko walikuwa wamemzoea. Akaambiwa kifo chako kimefumwa. Kimefumwa juu ya mti, na aliyeleta uzi ni mwanamke mzee anayekaa ng'ambo ya maji. Mamdogo, ungekuwepo ungemuuliza huyo mganga kama maji hayo ni mfereji wetu au Ziwa Nyasa. Lakini Hassani alikuwa na jibu mkononi kwa mara ya kwanza, akalishika kwa nguvu zote.

Alikuja siku ya arobaini yako, na vijana aliotoka nao machimboni, na wengine wa hapahapa kijijini, watoto uliowapa maandazi ya bure. Sheikh alikuwa amemaliza dua. Wanaume wako chini ya turubai, sisi wanawake nyuma tunapakua pilau, na Bibi Sekalinga yupo katikati yetu, amekaa kwenye mkeka anamenya vitunguu vya kachumbari. Alikuja tangu alfajiri. Mkristo wa watu, alijifunga ushungi kwa heshima yako, ameufunga ovyo.

Walianza na mti. Walimimina petroli ya pikipiki, Hassani akawasha. Utando ulishika haraka kuliko miba. Sijui kama buibui wana sauti. Nilisikia mlio mwembamba, huenda ni utomvu. Walikuwa wanadondoka, wengine wakiwa na mayai yao, yale mafuko meupe, hawayaachi. Nilitaka kulia nikaona aibu, nani analilia buibui kwenye msiba wa mtu?

Kisha wakaja mkekani. Hassani anachechemea, nyonga ile haijanyooka. Akanyoosha kidole. "Huyu ndiye aliyeleta. Aseme alimfanya nini mama yangu." Vijana wana fimbo, mmoja bado ameshika ile galoni, na nakwambia ilikuwa na petroli, niliisikia inacheza ndani.

Bibi Sekalinga hakuinuka. Aliweka kitunguu chini, akafuta mikono. "Wajukuu zangu, magoti haya nitakimbilia nayo wapi?"

Hakuna mtu mzima aliyesimama. Hao wanaume wote wa dua. Waliangalia sahani zao. Nami nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba wakimtoa yule bibi nje ya ua hatarudi.

Nikapiga kelele. Sikuchagua maneno. Nilisema, "Mama yetu ameuawa na titi! Titi la kushoto! Lilikuwa limeoza, nimeliosha mimi kwa mikono hii!" Mbele ya sheikh, mbele ya wanaume, mbele ya vijana uliowafukuza jikoni kwa mwiko. Nilikuvua nguo, Mamdogo. Sina namna nyingine ya kulisema. Wewe uliyefariki umefunga kanga mpaka shingoni, nimekuvua mbele za watu kwenye khitma yako.

Bi Mwajuma aliniambia ninyamaze, nimwogope Mungu. Nikamjibu Mungu anamwona na huyu bibi. Akaniangalia, macho yake yakajaa chuki, naapa ilikuwa chuki. Halafu akageuka kwa wanaume akasema polepole, "Nilikuwepo. Ni saratani. Mwacheni mwanamke wa watu." Ndivyo yule kijana alivyoweka galoni chini.

Hassani hakuondoka. Alinisogelea mpaka nikaona kope zake zimeungua kwa ule moto. Akauliza kwa sauti ya chini, mimi na yeye tu. "Alijua lini?"

Hapo ndipo nilipokukumbuka umeng'ang'ania mlango wa bafu. Nikamwambia, "Baada ya wewe kurudi Makongolosi. Ulikuwa umeshapona." Nikamwangalia machoni. Hata sikupepesa. Ulimi wangu ulikuwa bado una dua, nikausemesha uongo, na ningeusema tena.

Akakaa chini pale mkekani, akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu alivyoacha bibi. Hakuna aliyemzuia.

Usidhani iliishia hapo vizuri. Bibi Sekalinga hatuko naye tena hapa Idodi. Mlango wake ulipigwa mawe siku zilizofuata, hatujui na nani, na kila mtu anajua. Binti yake alikuja kumchukua, sasa anaishi chumba kimoja, wapi? Mlandege! Wewe uliikimbia huruma ya Mlandege na yeye kaikimbilia. Alipoaga alikwenda kwenye mgunga uliobaki kisiki cheusi, akaugusa, akaniambia, "Mama yako alikuwa rafiki yangu." Hakuniambia asante, na sikuistahili. Bi Mwajuma naye ametuma salamu kupitia watu: siku yake ikifika, mimi nisiguse maji. Kule mjini hawaniiti tena kuosha. Nzi wamerudi. Baadhi ya wateja hawajarudi.

Ila moto haukufika kila mahali. Upande uliolalia ua wa Bibi Sekalinga lilibaki tawi, na kwenye tawi furushi dogo. Nimelikata, nimelitundika juu ya meza, pale pale, kwenye msumari wako. Walikaa ndani bila kutoka nikadhani wamekufa. Juzi nzi alinasa, nikaona mguu mmoja wa kijivu, kisha mwingine. Niliwaambia, wenzake, mmeamkaje. Nilijisikia mjinga, lakini niliwaambia.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu leo hii.

Hassani amepiga simu asubuhi. Tangu arobaini hajapiga. Hakusalimia, kakufuata wewe kwa hilo. Nilisikia mashine za kusaga mawe nyuma yake, akasogea mbali nazo. Kisha akasema, "Dada, kule Mbeya alikuwa analala sakafuni, chini ya kitanda changu. Alikuwa analalia ubavu wa kulia siku zote. Kila nikiangalia chini, ubavu wa kulia. Na nilipotaka kumwegemea kusimama, alinipa bega la kulia tu. Kwa nini?"

Maharage yalikuwa yanafurika, yanauzima moto. Sikuyaangalia. Nilikuona pale kwenye saruji, umejikunja, umelilinda upande ule kwa mkono, na yeye anakuangalia kutoka juu, amelala kwenye godoro.

Nikamwambia, "Mbeya kuna baridi, Hassani. Kushoto kwake kulikuwa na mlango, upepo ulikuwa unaingia. Mtu hulala anavyoweza."

Akasema, "Upepo."

Nikasema, "Upepo."

Akakata.

Nimemjua tangu anatambaa, na najua atauliza tena. Atauliza akilewa, atauliza akioa, atauliza nitakapokuwa mzee sioni. Kila akiuliza nitampa upepo uleule kutoka mlango uleule. Nusu ya ahadi yako ilinishinda, nimeitoa kwa ajili ya Bibi Sekalinga, na tukikutana unihukumu unavyotaka, najua utaanza kwa kunisuta. Nusu hii iliyobaki haninyang'anyi mtu. Nitazikwa nayo, na atakayeniosha hataiona.

Lala upande wowote unaotaka sasa, Mamdogo. Hassani anatembea.

Mwanao,
Rukia